Mbwa Aliyefundwa Anaporudia Kukojoa Ndani

Mbwa wengi wa Miono, mkoani Pwani, huishi kwa kazi. Mchana hufuatana na wenyewe mashambani kuwafukuza ngedere na nguruwe mwitu, na usiku hulinda banda la kuku, ghala na mlango wa nyumba. Na yule aliyepata bahati ya kupendwa zaidi hupewa mahali pa kulala ukumbini au katika jiko la uani, kwa sharti moja alilofundwa tangu udogoni, kwamba haja zake atazimaliza nje. Mbwa wa namna hii akiisha kulishika sharti hilo mwaka au miaka, kisha asubuhi moja likakutwa dimbwi la mkojo penye mguu wa kitanda, fikira ya kwanza ya wenye nyumba huwa ni kwamba amekuwa fidhuli, na ya pili huwa ni fimbo. Mwongozo huu umeandikwa ili fimbo hiyo iwekwe chini, maana mbwa aliyekwisha kufundwa haachi mafunzo yake kwa inda: ama kitu kimeharibika mwilini mwake, ama kitu kimegeuka katika nyumba au mtaa anamoishi, na katika hali zote mbili yeye ndiye wa kwanza kudhurika.

Basi kabla hujakichukua kitambaa cha kufutia, simama utazame, kwa kuwa mkojo ukiisha kufutwa habari zake nazo zimepotea. Dimbwi kubwa la maji meupe yasiyo na harufu kali ni dalili ya mnyama anayekunywa kupita kawaida. Matone madogo madogo yaliyotapakaa huku na huku, pengine yenye wekundu wa damu, ni dalili ya kibofu kinachouma. Unyevu uliobaki mahali pale pale alipolala, ambao mwenyewe hakuutambua mpaka alipoinuka, ni dalili ya mlango wa kibofu uliolegea. Na mchirizi mwembamba ulioanzia ubavuni mwa gunia au juu kidogo ya ukuta aghalabu si maradhi, bali ni alama ambayo dume amekusudia kuiacha. Yaandike hayo katika daftari pamoja na siku, saa na mahali, kwa sababu tabibu wa wanyama atakayekuja kukuuliza atafaidika na daftari hilo kuliko na hasira yako.

La pili ni kuipima kiu yake, na kipimo hiki kila nyumba inakiweza. Asubuhi jaza chupa ya lita moja na nusu, ondoa makarai na ndoo zote anazoweza kuzifikia, kisha mtilie maji bakulini kutoka katika chupa hiyo tu, ukiijaza tena inapokwisha, hata ifike saa ile ile ya siku ya pili. Hapo utajua kwa yakini amekunywa kiasi gani. Mpime na uzito kwa mzani wa mazao, wewe ukisimama juu yake umembeba, kisha ukasimama peke yako na kutoa tofauti. Mbwa mzima hunywa kadiri ya mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na huzidisha kidogo katika joto la kaskazi. Lakini akipita mililita 100 kwa kilo, yaani mbwa wa kilo 15 akiimaliza chupa yako nzima na kutaka nyingine, hiyo si kiu ya jua. Mbwa anywaye hivi lazima akojoe hivi, na hakuna mafunzo yatakayomwezesha kuuzuia mkojo huo usiku kucha.

Kuna sababu mbili nyepesi za kuchunguza kwanza. Moja ni chakula, kwani katika vijiji vyetu vilivyo karibu na bahari mbwa hupewa ugali wa dona uliorojwa kwa mchuzi wa ng'onda au wa papa mkavu, na chumvi iliyomo ndani yake yatosha kumfanya ashinde bakulini; roweka samaki huyo na umwage maji ya kwanza, au mpe dagaa wasiotiwa chumvi, uone siku chache zinazofuata zitakuwaje. Ya pili ni sindano. Mbwa aliyechomwa dawa za jamii ya deksamethasoni, ambazo hutumika kwa muwasho wa ngozi na uvimbe, hunywa na kukojoa kwa wingi mpaka nguvu ya dawa iishe, nayo si kosa lake wala si maradhi mapya. Muulize aliyemchoma ni dawa gani aliyoitumia.

Ikiwa sababu hizo hazimo, yamkini figo zimedhoofika, au ana kisukari. Wazee walijua kwamba mkojo wenye sukari huwaita sisimizi, na mahali mbwa alipokojoa pakizingirwa na sisimizi kuliko ilivyo desturi, lichukue kuwa jambo la kumwambia tabibu, walakini usilifanye hukumu. Yapo tena maradhi mengine yanayoleta kiu hii, na juu yake nitakawia kidogo, kwa kuwa yanamhusu mbwa na yanamhusu mtoto anayetambaa juu ya sakafu hiyo hiyo.

Mwezi wa Julai 2022 watu wa wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, walishikwa na homa iliyotoa damu puani na kuua, na baada ya uchunguzi Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hukaa katika figo za wanyama, panya wakiwa mbele, na wanyama wa kufugwa kadhalika, vikatoka kwa njia ya mkojo na kuishi wiki nyingi katika maji yaliyotuama na udongo mbichi. Humwingia mtu kwa mkwaruzo wa ngozi, kwa macho, pua na kinywa. Mbwa alalaye karibu na ghala la mahindi, ambamo panya hawakosekani, yumo katika hatari hiyo kila siku. Akiambukizwa huweza kupata homa, kukataa chakula, kutapika, kulegea miguu kwa maumivu ya misuli, macho yakageuka manjano, kiu ikazidi na mkojo ukazidi. Na mwingine haonyeshi dalili yoyote, ila hukojoa vijidudu kwa miezi. Kwa hiyo mkojo wa mbwa uliomwagika ndani ya nyumba haufai kufutwa kwa mkono mtupu, hususa wenye kidonda, wala watoto hawafai kuachwa wacheze karibu yake. Chanjo ya ugonjwa huu kwa mbwa ipo, nayo hurudiwa kila mwaka. Muulize tabibu wako anapokuja kumchanja kichaa cha mbwa.

Sasa nitaje mambo mawili yasiyongoja kesho. La kwanza ni la jike ambaye hajafungwa kizazi, nao ndio wengi kwetu. Ikiwa alikuwa katika wakati wa kutaka dume wiki mbili hadi nane zilizopita, na sasa anakunywa mno, anakojoa ndani, hali chakula, tumbo limejaa au anatokwa na ute wenye usaha nyuma, yamkini mji wa mimba umejaa usaha. Na pengine usaha huo haumtoki, mlango ukiwa umefunga, na hapo ndipo hatari inapozidi. Huyu tiba yake ni kisu cha daktari, na ndani ya muda mfupi. La pili ni la dume anayechuchumaa au kuinua mguu mara kwa mara, akajikamua, na asitoke na kitu ila tone moja au mawili. Mrija wa mkojo wa dume hupita katika mfereji mwembamba wa mfupa uliomo ndani ya uume, na jiwe dogo lililotoka kibofuni huweza kunasa hapo na kuuziba. Kibofu hujaa, tumbo la chini huwa gumu, mnyama hutapika, na sumu ambazo mkojo ungezitoa hurejea damuni. Watu humdhania mbwa huyu kuwa amefunga choo, wakampa mafuta ya nazi anywe, siku zikapita. Ilhali amebakiwa na siku mbili au tatu za uhai, pengine pungufu.

Kibofu kilichoingiwa na vijidudu, jambo ambalo huwapata zaidi majike, hakitishi hivyo, ila humtesa mnyama: haja humshika ghafla, na kabla hajaufikia mlango mkojo umekwisha mponyoka. Huyu ndiye anayepigwa sana pasipo haki, kwa maana hukojoa mbele ya macho ya watu. Damu inayodondoka pole pole hata wakati asipokojoa, kwa dume au jike anayezurura, huenda ikawa ni uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizana kwa kujamiiana, ambao sura yake ni kama koliflawa ndogo nyekundu. Hutibika vyema kwa sindano za tabibu zinazorudiwa kila wiki. Na mkojo wenye rangi ya kahawa, katika mbwa mwenye kupe, homa na ufizi uliopauka, ni alama ya homa ya kupe, ambayo huvunja chembe za damu na haimpi mnyama nafasi ndefu.

Katika hayo yote nakusihi usimpe dawa za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa katika kila duka la dawa, hutoboa tumbo la mbwa na kuziua figo zake, na vidonge viwili vitatu vya kuua vijidudu vilivyosalia kabatini havitamponya, ila vitamficha adui asionekane katika kipimo.

Kipimo chenyewe huanzia nyumbani. Mkojo wa alfajiri, kabla mbwa hajala wala kunywa, ndio bora. Chukua upawa wenye mpini mrefu, uuoshe kwa maji ya moto bila sabuni na uukaushe. Mfunge mbwa kamba fupi, toka naye kwa utulivu mpaka mahali alipozoea, nawe usimame ubavuni mwake, si mbele. Yaache matone ya kwanza yaende chini, kisha upenyeze upawa chini yake pole pole. Dume huchukua hatua akiendelea, basi mfuate, na jike huinama chini sana, kwa hiyo kwake kisahani kifupi kitafaa zaidi. Vijiko vitatu vyatosha. Mimina katika chupa safi yenye kifuniko, andika saa, na uifikishe kwa mtaalamu ndani ya saa moja, au uiweke penye barafu ikiwa safari ni ndefu. Vaa mifuko ya plastiki mikononi wakati wote huo.

Wa kumwendea kwanza ni afisa mifugo wa kata, ambaye watu wamezoea kumwita kwa ng'ombe na mbuzi tu, wakasahau kwamba mbwa naye yumo katika kazi yake. Jambo likimzidi, toka Miono upitie Mandera, ushike barabara kuu mpaka Chalinze, na kutoka hapo si mbali kufika Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama inayofundishia madaktari. Na upande wa Dar es Salaam, Wakala wa Maabara ya Veterinari makao yake yapo Temeke. Lakini ikiwa mbwa hajachanjwa kichaa, na pamoja na kukojoa ovyo tabia yake yote imegeuka, sauti imekauka, mate yanamtoka, miguu ya nyuma inayumba, au anauma vitu visivyo na maana, usimtie mkono wala upawa: mfungie mahali, waondoe watoto, na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kuumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja.

Ikiwa mwili umeonekana kuwa salama, rudi uichunguze nyumba. Dume huweka alama pale anapohisi kwamba mipaka yake imeingiliwa: mbwa mgeni wa jirani, jike wa mtaani aliye katika wakati wake, mtoto mchanga aliyeletwa nyumbani, fundi anayelala kwa siku chache. Nimeona kisa cha gunia la ufuta lililolala mahali pengine usiku mmoja, ambalo mbwa wa huko walikuwa wamelipitia. Lilipoingizwa ukumbini, mbwa wa nyumba, ambaye hakuwa amekojoa ndani tangu utoto, alilijibu papo hapo. Hapo dawa haikuwa mafunzo, bali kulitoa gunia, kuliosha, na kuliweka juu ya chaga katika chumba kifungwacho. Kumhasi dume hupunguza tabia hii kwa wengi, na hupunguza zaidi ikiwa bado haijawa mazoea.

Sababu nyingine zinatokana na ratiba ya watu. Katika mwezi wa Ramadhani nyumba hula magharibi na tena daku, na mabaki hupewa mbwa usiku wa manane, pamoja na maji. Mlango hufungwa, watu hulala mpaka jua limepanda, na mnyama aliyekuwa na desturi ya kutolewa alfajiri hukuta desturi hiyo imevunjwa. Mlishe kabla ya futari, umtoe baada ya daku, na jambo limekwisha. Katika masika ya Machi hadi Mei, mbwa aliyewahi kushtushwa na radi huogopa kutoka mvua inaponyesha, basi mtengenezee mahali pakavu chini ya upenu wa nyuma. Na kwa vijiji vilivyo kwenye njia ya Mandera, Miono na Mkange kwenda Saadani, ambako pori limekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kuna khofu yenye haki kabisa: chui hupenda mno nyama ya mbwa, na fisi hupita uani usiku, na mbwa mwenye pua zake anajua waliopita kabla yako. Ukimwona akisimama kizingitini, masikio yamelala, akikataa kuushuka mlango aliokuwa akiushuka kila siku, usimsukume. Toka naye wewe mwenyewe kwa kurunzi, mbakie karibu na ukuta, na umtoe mapema kabla giza halijakolea.

Wapo pia wanaokojoa kwa unyonge, wakajiinamisha na kumwaga matone mara tu bwana anapowasimamia au kupaza sauti. Fimbo kwa hao ndiyo ugonjwa wenyewe. Na kwa mbwa wote, kumsugua pua katika mkojo wa saa mbili zilizopita hakumfundishi lolote, kwa maana haunganishi adhabu na tendo lililokwisha pita. Anachojifunza ni kwamba bwana akikutana na mkojo huwa mkali, na toka siku hiyo atakojoa chini ya kitanda au nyuma ya mitungi ambapo hutamwona. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza kumtesa mnyama, nami naona ingelikataza vilevile kwa ajili ya faida ya mwenye nyumba.

Usafi wa mahali ni nusu ya mafunzo, kwa kuwa harufu iliyobaki, hata usipoisikia wewe, humwita arudi. Juu ya sakafu ya saruji, kausha kwanza kwa matambara ya kutupwa, osha kwa sabuni na maji mengi, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukaiache ikauke. Ukitaka kuua vijidudu, tumia dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, siku nyingine au baada ya kusuuza kabisa. Usiimwage juu ya mkojo mbichi wala juu ya siki, kwani hutoa hewa inayokaba kifua, na madirisha yawe wazi. Sakafu ya udongo haisafishiki kwa maji: ikwangue mpaka unyevu utakapokoma, uutupe udongo huo mbali na kisima, jaza mpya, ushindilie na usiribe. Mkeka uoshe na uuanike juani mpaka ukauke kabisa, kwani vijidudu vya mgunda havistahimili ukavu. Na mwenye kufuata madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, anajua kwamba najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hayo yafanyike baada ya mkojo wenyewe kuondolewa, na chumba cha kuswalia kiwe na mlango ambao mbwa haupiti kamwe.

Ndipo mafunzo yaanze upya, kana kwamba ni mtoto wa miezi mitatu. Nyumba za kwetu tayari zina saa ya kumwongoza, nayo ni adhana: mtoe alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, na baada ya isha kabla ya kulala, na zaidi ya hapo kila anapoamka na kila anapomaliza kula. Mpeleke mahali pale pale, simama kimya, na mara anapomaliza, papo hapo wala si mkiisha kurudi ndani, mpe kipande kidogo cha dagaa na neno la upole. Wakati usipoweza kumwangalia, mfunge karibu nawe au mweke uani. Ukimwona akizunguka na kunusa sakafu, mwite na mtoke. Ukimkuta katikati ya tendo, piga kofi moja la mikono yako ashtuke na umtoe amalizie nje. Wengi hurudi katika adabu yao baada ya wiki mbili hadi nne, na asiyerudi arejeshwe kwa tabibu pamoja na daftari.

Jike aliyefungwa kizazi, ambaye hulowesha malalo usingizini, na mzee ambaye macho na fahamu zimepungua, hao hawafundishwi. Wa kwanza ana dawa ya kuukaza mlango wa kibofu, ambayo tabibu atampa kwa kipimo na huenda akaitumia maisha yake yote. Wa pili mhamishie malalo karibu na mlango wa nyuma, yawe ya magunia yanayofulika, mwachie kandili ndogo usiku, na umwamshe mara moja kabla ya alfajiri. Na maji asinyimwe hata kidogo, ijapokuwa ndiyo yanayolowesha sakafu: figo zilizochoka haziwezi kuukaza mkojo, kwa hiyo mbwa anayefichwa bakuli huendelea kukojoa vilevile huku mwili wake ukikauka, na siku chache za namna hiyo huweza kumuua.